Mlango wa Dereva

Rangi ya mlango wa dereva ilikuwa imekauka, kisha ikarudi kuwa mbichi.

Sehemu nyingine za kigari hazikuwa na neno. Boneti ilikuwa ngumu, ukiigonga kwa ukucha inalia ti. Paa, buti, mabampa na milango mingine mitatu vilikuwa vimeshika vizuri, rangi ya maziwa yaliyoanza kuzeeka, ile ile ya enzi ambazo Peugeot 404 ikipita kijijini watu wanasimama kando kusalimu. Ni huo mlango mmoja tu, usiozidi upana wa stempu mbili. Willis Andati aliugusa asubuhi kabla ya kwenda kazini, kidole kikanata. Akaugusa jioni, kikanata tena.

Akasema ni mvua. Mvua ikaisha, jua la Komarock, Nairobi, likawaka wiki nzima, mlango ukabaki mbichi. Akaukwangua kwa msasa mpaka plastiki ikaonekana, akapaka upya, ukanata vile vile. Mtu mwenye akili hapo angejiuliza. Willis alilaumu thina ya kuchanganyia rangi. Mwenye jambo moyoni hulaumu thina, hulaumu mvua, hulaumu serikali, bora tu asijilaumu yeye.

Alikuwa karani wa reli, mtu wa shati lililopigwa pasi, lakini nyumbani mkono wake ulikuwa na kipaji. Kwenye meza ya sebuleni, chini ya dirisha, alikuwa akiunda vigari vya kizamani. Maganda ya plastiki aliyapata sokoni Gikomba kwenye mitumba ya vitu vya watoto, akayapiga msasa, akayapa rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe kwa kibunduki kidogo cha upepo. Mikanda ya kromu aliikata kutoka karatasi ya fedha ya pakiti za sigara. Taa za nyuma alizipaka kuteksi nyekundu ya kucha ya mkewe Muhonja, bila kuomba. Na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Ukikiweka kigari chake sakafuni ulale kifudifudi ukiangalie, ungeapa kwamba mtu yuko karibu kushuka.

Hiki cha sasa kilikuwa na urefu wa kiatu cha mtoto, na aliyekiomba ni Awiti, mjane wa kaka yake Caleb.

"Shemeji," Awiti alikuwa amemwambia kwa simu kutoka Tassia, anakopanga na watoto wake, "Desemba tunaenda kuweka msalaba wa simenti pale kaburini. Watoto wanataka kitu cha kumkumbuka baba yao vile alikuwa, si vile watu wanasema. Si unitengenezee lile gari lake?"

Vile watu wanasema. Willis akasema sawa, hakuna shida. Kwa maana waliyoyasema watu, aliyewaambia ni yeye.

Kisa chenyewe hakikuwa kirefu. Ndugu hao wawili walikuwa wakienda nyumbani Magharibi na ile 404 waliyoachiwa na baba yao, wao peke yao. Kwenye mteremko mmoja mrefu ng'ambo ya Bonde la Ufa gari likaacha barabara, likaingia mtaroni, likagonga ukingo wa daraja. Willis akatoka na mkwaruzo wa paji la uso. Caleb hakutoka. Polisi walipofika, Willis aliwaambia kwamba Caleb ndiye aliyekuwa anaendesha, na kwamba alikuwa amekunywa. Caleb akazikwa kama mlevi. Mhubiri akapata mahubiri. Mama yao alikaa kando ya jeneza ameinamisha kichwa, na haikuwa huzuni peke yake iliyomwinamisha.

Ukweli ulikuwa kinyume. Aliyeshika usukani ni Willis, na pombe ilikuwa ya Willis. Caleb alikuwa upande wa abiria, anatafuna njugu karanga zake kama kawaida yake, anamwambia polepole, Willi, polepole.

Basi kuna desturi. Huko kwao, mtu akifia barabarani mwili unaletwa nyumbani, lakini yeye mwenyewe bado amesimama pale alipoangukia, anashangaa magari yanavyompita. Lazima mtu wa damu aende kumchukua. Anachota udongo wa pale, anamwita kwa jina, anamwambia, ingia twende nyumbani. Njiani haongei na mtu, na akipanda gari anamlipia marehemu kiti chake. Akifika anasimama kaburini na ule udongo mkononi, mbele ya ukoo wote, anamweleza marehemu jinsi alivyoanguka, ndipo anaumwaga. Na kudanganya huku umeushika udongo huo ni kukiitia kizazi chako laana.

Wazee walimtuma Willis, maana ndiye aliyekuwepo.

Alienda. Aliuchota udongo, mwekundu, wenye vipande vya kioo, akautia kwenye kopo la kakao. Alipofungua mdomo amwite kaka yake, jina halikutoka. Aliondoka bila kusema lolote. Karibu na nyumbani, penye soko, alishuka akachota udongo mwingine kando ya maegesho ya bodaboda, udongo wa watu wote, usiomjua mtu. Huo ndio aliousimamia kaburini akasema uongo wake vizuri kabisa, bila kukwama hata neno. Kopo la kweli aliogopa kulitupa. Alirudi nalo Nairobi akalisukuma chini ya meza ya rangi, nyuma ya chupa za thina.

Hapo lingekaa mpaka leo, kama si ufundi. Gari la kizamani likiwa jipya mno halina uhai, lazima ulichafue kidogo. Mafundi wa vigari husaga chaki za rangi wakapaka kama vumbi kwenye matairi na chini ya milango. Willis alijaribu chaki yake, akaona wekundu wake ni wa uongo. Vumbi la barabara ya kwao alilijua. Mkono ukaenda chini ya meza wenyewe.

Alijiambia kwamba ni heshima. Eti angalau udongo wa Caleb ukae kwenye gari la Caleb, nyumbani kwa watoto wa Caleb. Aliuchekecha kwa soksi ya nailoni ya Muhonja, akaupaka kwa brashi kavu, akapuliza mabaki. Kilikuwa kimependeza mpaka macho yakamlenga. Na majuto yalivyo, huja kwa sura ya mapenzi. Alikipapasa paa akasema kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akimwambia kaka yake jioni wakitoka kazini: "Haya Caleb. Ingia twende nyumbani."

Maneno yale yale aliyoshindwa kuyasema kule mtaroni. Udongo ulichotwa kule, maneno yakamaliziwa Komarock, na nyumbani palipotajwa hapakuwapo. Palikuwa na kigari tu.

Kesho yake ndipo mlango ukanata.

Muhonja ndiye aliyeanza kunusa.

"Baba Perez, hii nyumba inanuka petroli. Umemwaga nini?"

"Ni thina."

"Aka! Thina si naijua? Miaka yote nalala na harufu ya thina. Hii ni petroli." Akavuta pumzi tena, amekunja uso. "Petroli na njugu karanga."

Willis alikuwa ameinamia kigari, kwa sababu kwenye kioo cha mbele, upande wa abiria, palikuwa na alama ya kidole gumba. Aliifuta kwa kitambaa. Haikutoka. Akafuta tena kwa thina kidogo, na hapo ndipo akatambua kwamba alama iko upande wa ndani. Ilikuwa ya ukubwa wa gumba la mtu mzima, mahali ambapo hata njiti ya kiberiti ingepita kwa taabu, na ilikatwa katikati na mstari wa kovu. Caleb alikuwa na kovu hilo. Jeki ya 404 ndiyo iliyompiga, siku ya kwanza baba yao kuwafundisha kubadilisha gurudumu.

Alikibeba akiweke juu ya kabati, na kigari kikaguna. Sauti nzito, fupi, ya mtu aliyeguswa penye maumivu. Alikirudisha mezani.

"Anasema usimsogeze," mtu akasema nyuma yake.

Alikuwa Perez, binti yake, mwanafunzi wa darasa la kwanza, mwenye jina la bibi yake. Alisimama mlangoni na sare ya shule, soksi moja chini moja juu.

"Nani anasema?"

"Baba Mkubwa. Si ako hapo ndani?" Alikuwa anashangaa swali lenyewe. "Kila siku anasema hivyo. Usinisogeze, Willi, usinisogeze. Kwani ulimsogeza wapi?"

Willis alimwambia aende akavue sare. Alisema kwa ukali, na sauti yake ikatoka nyembamba. Damu ilikuwa imemwishia usoni, kwa kuwa maneno hayo hakuwahi kumwambia kiumbe, hata mkewe, hata Mungu kwa sala.

Tangu siku hiyo alikuwa akichelewa kurudi nyumbani makusudi. Alikaa ofisini anapanga makaratasi yaliyokwisha kupangwa. Lakini mtu atakimbia nyumba yake mpaka lini? Ijumaa moja alirudi jua likizama, Muhonja na mtoto wakiwa kwenye mazoezi ya kwaya, na hata kabla hajavua koti umeme ukapotea mtaa mzima.

Alisimama pale sebuleni akisubiri macho yazoee, akisikia majirani wakiulizana ng'ambo ya ukuta kama ni kwao pekee, akisikia jenereta ya kinyozi ikikohoa mbali, na chini ya sauti hizo zote akasikia nyingine, tik, tik, tik, ya chuma cha injini kinachopoa baada ya safari ndefu, ikitoka mezani, na alipogeuka akaona taa mbili za mbele, zile alizozichonga mwenyewe kwa plastiki ya kalamu, zisizo na waya wala betri, zimewaka njano hafifu zikimulika koti lake, na vioo vya kigari vimefunikwa na mvuke kwa ndani kama mtu anapumua humo kwa shida, na kwenye mvuke ule, upande wa abiria, kitu kikapangusa polepole duara dogo la kuchungulia, kisha mlango wa dereva, ambao aliuunganisha kwa gundi na haukuwahi kuwa na bawaba, ukafunguka, ukabaki wazi ukimngoja. Mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga sakafu. Hakuutuma. Ulikuwa ukikanyaga kama uko kwenye pedali.

Honi ikalia mara mbili, fupi fupi, kama Caleb alivyozoea kupiga akifika langoni.

Umeme uliporudi, Muhonja alimkuta mumewe amekaa koridoni nje ya nyumba, mgongo ukutani, amelowa jasho. Alimsukumia Perez mbele, akauinua mkono wa kulia wa mtoto.

"Angalia."

Kiganja kilikuwa kimepakwa rangi ya maziwa. Perez alikuwa ameugusa ule mlango asubuhi. Walijaribu sabuni, mafuta taa, thina mpaka mtoto akalia. Haikutoka. Kesho yake asubuhi ilikuwa imepanda hadi kifundo cha mkono, na mkono wenyewe ulikuwa baridi kama bati alfajiri. Mtoto alipokunywa chai, mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga hewa chini ya kiti.

"Baba Mkubwa anauliza utaendesha lini," alisema akitafuna mkate. "Mimi nikamwambia umechoka. Akasema sawa, basi nije mimi."

"Ukamwambia nini?" Muhonja alinong'ona.

"Miguu haijafika. Akasema itafika tu."

Muhonja alifunga leso kiunoni akatoka kwenda kumleta Mama Amino.

Huyo alikuwa mama wa Kisomali wa nyumba ya pembeni, mzee, mwenye macho makali, na mtaa mzima ulimjua kwa mambo ya majini. Hata watu wa makanisa walikwenda kwake, ila wao hupitia mlango wa nyuma. Alikuja na chetezo cha uvumba, akafunga madirisha, akakizungusha kile chetezo juu ya meza akisoma kwa sauti ya chini. Moshi uliteremka mpaka kwenye kigari, ukapita juu ya paa ukaenda zake. Alipofika upande wa dereva, moshi ukavutwa wote ndani ya ule mlango mbichi, fyuu, mpaka makaa yakazimika.

Mama Amino aliacha kusoma. Alimtazama Willis kwa muda ambao haukuwa wa adabu.

"Hili nililodhani ni jini, wallahi, si jini," alisema. "Jini nalifukuza. Huyu ni mtu, na ameitwa. Mgeni uliyemwita mwenyewe humfukuzi, mwanangu, unamsindikiza. Ulimwambia unampeleka wapi?"

"Nyumbani," Willis alijibu. Ilisikika kidogo tu.

"Basi mbona yuko Komarock?"

Perez alikuwa amesimama karibu na meza, akiupapasa hewani usukani usiokuwapo.

"Gari haliendi bila dereva," Mama Amino akasema. "Kiti kitupu anakiona. Asipokuja mwenye kiti, atakaa aliye karibu. Mimi kazi yangu imeishia hapa. Yako haijaanza."

Muhonja alimgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu waoane Willis aliona anaogopwa na mkewe mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tunavyosema, lakini hatusemi kwamba mwishoni mwake unaweza kumkuta mtoto wako amesimama. Willis alichukua simu akampigia Awiti.

Awiti alifika Jumapili baada ya ibada, bado na kitambaa cha kanisa kichwani. Aliingia anatabasamu, amekuja kuona gari. Aliinama mezani, akaangalia kila kitu, taa, bampa, vumbi jekundu, na mkono ukamfunika mdomo.

"Woi, shemeji! Ni lenyewe. Ni lenyewe kabisa." Kisha akasogeza uso karibu na kioo. "Hiki kidole..." Alilifuata kovu kwa ukucha. "Hiki ni kidole cha Caleb. Mbona kiko upande wa abiria?"

Hapo Willis angeweza kusema lolote. Alikuwa bingwa wa kusema lolote. Lakini nyuma ya mlango wa chumbani alimsikia Perez akitoa sauti ya injini kwa midomo, bruuum, bruuum, inapanda.

"Kwa sababu ndiko alikokuwa ameketi," alisema. "Nilikuwa naendesha mimi, Awiti. Na nilikuwa nimelewa. Yeye hakuonja hata tone. Hata udongo nilioumwaga kaburini haukuwa wa pale alipoangukia."

Hakupiga kelele, Awiti. Alivuta kiti akakaa. Alikifungua kitambaa cha kichwani akakikunja mapajani, akakikunja tena kikawa kidogo sana.

"Mtoto wangu mkubwa alichoma picha za baba yake," akasema mwishoni. "Akasema hataki jina la mlevi. Mimi nikamwona anazichoma, nikamwacha. Nikamwambia ako sawa."

"Nisamehe, shemeji. Alikufa papo hapo, hakuteseka. Hilo angalau."

Awiti alikubali kwa kichwa, polepole. Hilo angalau. Alilishika kama mtu anavyoshika fimbo akivuka mto.

"Utaenda kumwambia Mama," alisema. "Kaburini. Na huo udongo wa kweli mkononi mwako."

Yeye na Awiti walisafiri kesho yake. Willis alikipakata kigari na lile kopo, akamlipia Caleb kiti cha dirishani, na njia nzima hakutoa neno. Abiria walimtazama, wakaona kopo, wakaelewa, wakaacha kuongea kwa sauti. Walipoupita ule mteremko kigari kiliguna mapajani mwake, na harufu ya njugu karanga ikalijaa gari zima.

Kaburini alisimama mbele ya mama yake na wazee, udongo mwekundu ukimwagika kati ya vidole. Alisema. Alisema nani aliendesha na nani alilewa. Alisema kuhusu udongo wa bodaboda. Mzee mmoja alitema mate chini akageuka mgongo. Na Willis alipofika mwisho, machozi yakimtiririka kweli kweli, alisema, "Gari lilipogonga ulikufa papo hapo, ndugu yangu, hukuhisi kitu," akaumwaga udongo.

Mama yake hakumtazama. Alipiga magoti taratibu kama wazee wanavyopiga, akaweka kiganja juu ya udongo ule.

"Caleb, baba, nisamehe," alisema. "Nilikuzika nikikuonea aibu."

Simu ililia mfukoni mwa Willis. Alikuwa Muhonja, akilia na kucheka. Mkono wa Perez ulikuwa umesafika, wote, na mtoto alikuwa ameomba ugali. Willis alikaa chini pale pale nyasini. Alidhani amemaliza.

Awiti akaenda na kigari Tassia, akakiweka juu ya televisheni. Krismasi ikapita. Nyumba ya Komarock ilinuka vitunguu na sabuni kama nyumba za watu, na Willis alianza tena kulala. Meza ya rangi aliifunika kwa shuka.

Kisha adhuhuri ya Jumamosi moja, akiwa anavunja mayai ya chakula cha mchana, simu ikalia.

"Nilikuwa napangusa vumbi," Awiti alisema bila salamu. "Huu mlango wa dereva umenata."

Willis alizima jiko.

"Ile alama ya upande wa abiria imetoka. Kuna nyingine sasa. Iko juu ya usukani. Ni yake, naona kovu." Willis alisikia kiti kikivutwa. "Nimekaa hapa nafikiria. Polisi waliniambia walimtoa nyuma ya usukani. Mimi mwenyewe nilisaini ripoti yao. Kama wewe ndio ulikuwa unaendesha, Caleb alifikaje kiti cha dereva, Willis?"

Awiti hakuwahi kumwita kwa jina. Tangu aolewe katika ukoo huo ilikuwa shemeji, siku zote shemeji.

"Awiti, hayo mambo..."

"Baba," Perez aliita. Alikuwa ametoka kunawa, maji yakimdondoka kiwikoni, mkono wa kulia ameuinua juu. Rangi ya maziwa ilikuwa imefika begani. "Baba, imerudi. Na Baba Mkubwa ananiambia nifunge mlango."

Mguu mdogo ukakanyaga sakafu. Mahali fulani chini ya shuka, kwenye meza isiyokuwa na kitu, injini ikawaka.

Willis alipiga magoti akamshika mtoto kwa mkono mmoja, simu ikiwa sikioni kwa mwingine, na yale maneno, ambayo alikuwa ameyafungia mahali ambapo hata yeye hakuwa anapita, akayatoa.

"Alikuwa anapumua," alisema. "Hakufa papo hapo. Alikuwa anapumua na ananiangalia. Niliogopa jela, Awiti, nikaogopa kazi yangu, na hakukuwa na mtu barabarani. Nikamvuta nimpeleke upande wangu. Akaniambia usinisogeze, Willi. Mgongo wake ulikuwa umevunjika, akaniomba, usinisogeze, na mimi nikamvuta. Nikamkalisha nikamwekea mikono kwenye usukani. Alifia mikononi mwangu nikimpanga."

Upande wa pili alisikia pumzi tu. Kwa mbali alisikia televisheni ya nyumba ya Awiti ikicheka na watu wake. Alisubiri alaaniwe, na angeshukuru kulaaniwa.

Chini ya shuka injini ikazimika. Ikabaki tik, tik, ya chuma kinachopoa, ikapungua, ikaisha. Rangi ilikuwa inashuka mkononi mwa Perez kama maji ya kuoga, bega, kiwiko, kiganja, na mtoto akautazama mkono wake akaufuta kwenye sketi.

"Mlango umekauka," Awiti alisema.

Akakata simu. Hakumpigia tena, si mwaka huo wala uliofuata, na Willis alipokutana naye msibani, Awiti aliitikia salamu za watu wote mpaka kwa mtu aliyekuwa kabla ya Willis, akaishia hapo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Adhuhuri ile Willis aliinuka, akavaa koti, akambusu binti yake kichwani. Muhonja alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Alisogea kando ili apite, akajivuta mpaka ukutani, koti lake lisije likamgusa.

"Unaenda wapi?" Perez akauliza.

"Polisi," alisema baba yake, akashuka ngazi akitembea kwa miguu.